Isale la Sebuleni kwa Oma

Kaskazini mwa Ujerumani,
Jumapili baada ya ibada.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nyingine mpe Baba, na nyingine mpe Bibi huku umemshika mkono kwa niaba yangu, maana bila kushikwa mkono huwa anasema hajasalimiwa. Goti lako linaendeleaje? Bado linakusumbua ukishuka tambarare kutafuta majani? Kahawa mmemaliza kuchuma au mnazingojea za juu ziive? Vuli imefika Masama, au mnasikia ngurumo tu mlimani? Ng'ombe ameshazaa? Na mdogo wangu Elia, siku hizi anakata majani bila kukumbushwa? Hilo la mwisho nalijibu mwenyewe: hapana.

Mimi mwili ni mzima. Najua utashangaa kwa nini naandika wakati juzi tu tumeongea. Mama, simu yako ni ya ukoo mzima. Ukipokea unaweka spika, Elia anapiga kelele, Baba anauliza kama nasali, shangazi anauliza kama nimeshaona theluji, na mimi naishia kusema "niko poa, niko poa" kama kasuku. Hili siwezi kulisema kwenye spika. Barua inaletwa na mchungaji wa huku anayekuja Moshi kutembelea usharika wetu. Isome kwanza peke yako. Usiogope, hakuna aliyekufa.

Nimeianza mara tatu. Naandika mstari, nasimama, naenda dirishani, narudi. Miguu imekataa kutulia tangu Jumatano.

Ngoja nianze na kazi, ndiyo rahisi. Viazi sukari si kama viazi vyetu. Ni mzizi mweupe mnene, mwingine mkubwa kuliko kichwa cha Elia, umejaa udongo, na ukiulamba (nimeulamba) una utamu wenye ladha ya ardhi. Kiwandani wanavichemsha mpaka vinakuwa sukari ya kawaida tu ya kuweka kwenye chai. Vinavunwa sasa, kabla ardhi haijaganda. Kuna mashine moja kubwa kama nyumba, inang'oa mistari sita kwa mpigo, lakini si ya huyu mwenyeji wangu peke yake. Wamechanga majirani saba na wanapeana zamu. Nilipoelezwa nilicheka, maana ni kama mfongo wetu kabisa: siku yako ya maji ikifika unafungua mfereji, uwe unaumwa, uwe una msiba. Na wanagombana vilevile! Jirani mmoja alikaa na mashine nusu siku zaidi, sasa wakikutana barabarani wanasalimiana kwa kidevu.

Kazi yangu ni pembezoni mwa shamba, mashine isipofika vizuri. Navichimbua kwa uma, nakata kichwa chenye majani kwa kisu kirefu, natupa mzizi kwenye lundo. Udongo unanata kwenye buti mpaka kila mguu unakuwa na uzito wa ndoo ya maji. Baridi ya hapa haikupigi usoni kama ile ya kwetu asubuhi. Inaingia kwenye vidole na kukaa humo kama mpangaji. Sio kwamba nalalamika. Nilijaza fomu mwenyewe, nikasema mbele ya kamati ya usharika kwamba kabla ya chuo nataka mwaka mmoja wa kujitolea. Ndiyo siku niliyoongea kwa sauti kuliko siku zote za maisha yangu, na hata hivyo mzee mmoja alisema, "Binti, rudia, hatukusikia."

Watu wa hapa nyumbani ni watatu. Mwenye shamba anaitwa Jens, ni rika la Baba. Huku mtu mzima unamwita jina tupu, na ulimi wangu unakataa, kwa hiyo nakwepa kumwita kabisa. Nikimhitaji nasogea karibu mpaka anione. Mama yake wanamwita Oma, yaani bibi, hilo linanipa raha kulitamka. Wa tatu ni Mihai, dereva wa trekta kutoka Rumania, anayekuja kila msimu wa mavuno, huu ni wa sita. Hutamsahau ukimwona. Ana meno mawili ya dhahabu na anaimba kwenye trekta kuliko kwaya ya vijana. Mimi aliniita Kilimanjaro tangu siku ya kwanza. Nikikaa kimya anasema, "Leo mlima una mawingu." Nikisema neno moja mezani anagonga kijiko: "Tulieni, Kilimanjaro anaongea!" Wote wanageuka kunitazama na mimi nasahau nilichotaka. Lakini Mama, kati ya wote ni yeye pekee aliyekuwa akiningoja nimalize sentensi.

Sasa lenyewe.

Oma ana ng'ombe wawili. Zamani walikuwa na zizi zima la maziwa, wakaacha, akabakiza hawa wawili na sungura wachache. Mkubwa anaitwa Lotte, ana mimba, na Oma anamsemesha kuliko anavyomsemesha mwanawe. Zizi lile ndilo mahali pekee huku panaponukia nyumbani. Nikizidiwa huwa naingia humo, naweka paji la uso kwenye ubavu wa Lotte, natulia.

Jumanne nilikuwa pembezoni, nakata vichwa vya viazi. Majani yake ni mapana, mabichi, manene, na yote yanaachwa shambani yaoze. Mama, siwezi kukueleza ilivyoniuma. Ekari na ekari za majani chini! Nikakuona wewe kiangazi, unashuka mpaka tambarare kwa lile goti, unapanda na mzigo kichwani, na ukifika wa kwanza kusalimiwa ni ng'ombe. Hapa majani yanakanyagwa na matairi. Oma alikuwa ameenda kwa akina mama wa kanisa, Jens na Mihai walikuwa upande wa pili. Nikatandika kanga yangu, nikajaza, nikafunga, nikajitwika. Nilitembea na mzigo kichwani kama naenda kwetu, na kwa mara ya kwanza tangu nije nilijisikia mtu mwenye akili na kazi yake. Nikawamwagia. Lotte alikula kwa fujo, nikaenda kumwongezea mzigo wa pili.

Nikuungamie kitu ambacho hata huku sijakisema vizuri. Yale majani yalikuwa na umande ulioganda. Na wewe ulinifundisha, sijui mara ngapi, kwamba ng'ombe hapewi majani yaliyolowa, yanyaushwe kwanza. Nilijua. Sio kwamba sikujua. Nilitaka tu Oma arudi akute hori limejaa, aseme, "Nani amefanya haya?" na mimi nisihitaji hata kujibu, ajue mwenyewe.

Kweli aliuliza. Jumatano asubuhi Lotte alikuwa chini, anaharisha, miguu haina nguvu, masikio ya baridi. Daktari wa mifugo akaja mbio, akamtundikia dripu ya dawa shingoni, kisha akaokota mabaki ya majani kwenye hori. Akasema majani ya viazi sukari mabichi, tena yenye barafu, yananyonya nguvu kwenye damu ya ng'ombe. Yanatakiwa yalale siku kadhaa na kutolewa kidogo kidogo. "Nani amewapa haya?" Oma akauliza.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo nimeshika ndoo ya maji ya moto. Hakuna aliyenitazama. Wote walimgeukia Mihai, kwa sababu ndiye anayefungua zizi asubuhi, na siku za nyuma aliwahi kuwatupia sungura yale majani.

"Si mimi," Mihai akasema.

"Sungura umewazoesha, sasa umeona uhamie kwa ng'ombe," Jens akasema.

"Nimesema si mimi. Msimu wa sita huu nakuja kwako. Niangalie usoni."

Jens hakumwangalia. Alikuwa anamwangalia Lotte. Akasema, "Jumamosi kuna basi. Utaondoka nalo."

Mama, mdomo wangu nilikuwa nao. Nina Kiswahili, nina Kiingereza cha kufaulia Kidato cha Sita, nina Kijerumani cha kuombea chumvi. Vyote vilikuwepo. Nilimimina maji ya moto kwenye beseni la daktari, nikatoka kwenda kujaza mengine.

Saa sita mchana Lotte akasimama, akanywa maji. Nikasema moyoni, basi, yamekwisha. Lakini begi la Mihai lilikuwa limeshushwa kutoka juu ya kabati.

Alhamisi tulifanya kazi pamoja, mimi na yeye. Malori ya kiwanda yanakuja kwa siku waliyopanga wao, kwa hiyo lundo la viazi linafunikwa kwa kitambaa kirefu cheupe lisigande. Mmoja anavuta huku, mwingine kule, na upepo unakipiga kama unataka kukichukua. Hakuimba. Tulipofika mwisho akasimama mbele yangu, akaniuliza kwa Kiingereza chake, polepole, "Kilimanjaro, wewe unaniamini?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Nimeandika hapo nikaenda dirishani tena. Nikaitikia kwa kichwa, Mama! Akasema, "Asante. Mmoja anatosha." Akaondoka kubeba mawe ya kuzuia kitambaa. Ningekuwa nimempiga teke ingekuwa afadhali.

Sikulala vizuri, nadhani hilo unalijua bila kuambiwa. Ijumaa asubuhi nilipita sebuleni kuchukua makoti, nikamkuta Oma anafuta mmea wake kwa kitambaa. Sijawahi kuwaambia kuhusu mmea huu kwa sababu Elia angecheka mpaka aumwe: ni isale, Mama. Isale letu kabisa, lile la mpakani mwa kihamba, pale migomba inapoishia. Huku wanalipanda kwenye chungu, ndani ya nyumba, wanaliwekea kisahani, wanalifuta vumbi jani kwa jani kama mtoto anayepelekwa ubatizo. Miezi yote hii nimekuwa nalipita nikitabasamu. Ijumaa sikutabasamu. Nilikumbuka Babu alivyoletewa isale na yule mjomba aliyehamisha mpaka, jinsi alivyolitazama muda mrefu kwa hasira, halafu akalipokea, kwa sababu ukiletewa isale hukatai.

Nikasubiri Oma aende jikoni. Nikachuma jani moja, refu, zuri. Nikalifunga fundo kama nilivyoona. Nikaingia jikoni, alikuwa anamenya viazi, nikapiga goti na kulishika kwa mikono miwili mbele yake.

Oma akaruka. "Unaumwa? Umeanguka?" Halafu akaona jani. "Umekata mmea wangu?"

Hapo ndipo nilipogundua nimekwenda kuomba msamaha kwa kosa la kwanza huku nimebeba la pili mkononi. Akaniambia ule mmea ni wa marehemu mume wake, umekuwepo kabla Jens hajaoa, na hakuna anayeugusa, hata wajukuu. Alikuwa amekasirika kweli. Nami nikaanza kuongea, na Kijerumani kikatoka bila mpangilio: mimi, majani, Lotte, mimi, Mihai hapana, mimi. Nilirudia mpaka akaweka kisu chini.

Akafuta mikono kwenye aproni. Kisha akauliza, "Na hili jani?"

Nikamweleza. Kwamba kwetu ukimkosea mtu mpaka maneno hayatoshi unampelekea hili, naye hawezi kulikataa.

"Hata kama ng'ombe angekufa?"

"Hata kama angekufa mtu, Oma."

Alinitazama, sijui alikuwa anatafuta nini. Akasema, "Lotte ni mzima, na mimi umeniharibia mmea tu. Hili umelileta kwa mtu asiyehusika. Kuna mwanamume anafunga begi huko nje." Nikasimama. Akasema, "Ngoja." Akachukua mkasi wa jikoni, akaenda sebuleni kwa mwendo wake wa kuyumba, na nikasikia kwa masikio yangu, kwacha! Alirudi na kichwa kizima cha isale, na kijiti chake. Mmea uliobaki ulikuwa kama kuku aliyenyonyolewa. "Hili ni la mwanangu," akasema. "Wewe ulinyamaza. Yeye alisema."

Akatoka na ndara zake hadi kwenye banda la mashine, matope hayo, mimi nyuma yake. Jens alikuwa chini ya trela. Oma akamgonga mguu kwa ndara. Akamwambia yote kwa maneno machache kuliko yangu, akampa lile isale.

"Mama, nifanye nini na huu mmea?"

"Umpelekee Mihai."

"Ni mmea tu."

"Ni mmea. Nenda."

Jens alinigeukia. Nilidhani atanifokea, nikataka afoke. Alisema tu, "Ulikuwa umesimama pale pale," kama anayejisemea mwenyewe. Nikasema ndiyo.

Mihai analala kwenye chumba kidogo nyuma ya banda. Niliingia mimi kwanza. Begi lilikuwa kitandani, limefungwa nusu. Nikanyoosha jani, nikasema, kwa Kiingereza, sentensi nzima, wala hakunisaidia hata neno: "Majani niliwapa mimi. Nilijua, nikanyamaza. Na jana uliponiuliza, nilikudanganya."

Alikaa kitandani. "Jana," akasema, "nilimpigia mke wangu nikamwambia, hapa kuna mmoja anayeniamini." Nikaendelea kunyoosha jani tu, Mama. Mwisho akasema, "Nina binti kama wewe. Akivunja sahani anafagia vipande, anaficha, halafu anaumwa tumbo wiki nzima." Akalichukua jani. Akaniuliza linawekwa wapi. Nikamwambia kwetu haliwekwi popote, linapokelewa tu. Akalipitisha kwenye mpini wa begi, fundo likatokeza nje. Si mahali pake, najua, lakini sikumsahihisha.

Halafu Jens akaingia, ameinama ili asigonge mlango, na lile isale kubwa mkononi kama mtu aliyebeba maua ya harusi isiyo yake. Akasema amekosea. Akasema abaki, mavuno bado wiki mbili, na hata bila mavuno, abaki.

Mihai hakusimama. "Huyu ni mtoto," akasema, akininyooshea kidole. "Aliogopa. Wewe uliogopa nini?"

Jens akaliweka isale mezani, karibu na kikombe. Mihai akalitazama na hakuligusa.

Jana Jumamosi aliondoka. Jens mwenyewe alimpeleka kwenye basi, na Oma alimpa mkate na soseji za njiani. Mimi aliniaga kwa mkono. Begi lilikuwa na jani langu. Mezani kwenye kile chumba, lile kubwa lilibaki pale pale lilipowekwa.

Kwa hiyo Mama, ndiyo hivyo. Mimi nimesamehewa, na mwenzangu ameondoka. Nimewekwa kwenye zamu yake ya zizi asubuhi, Oma anasimama mlangoni kuhakikisha ninachoweka kwenye hori, na ana haki. Trekta anaendesha Jens, haliimbi. Kila mtu ananiambia nilifanya vizuri kusema, mchungaji naye ameniambia hivyo leo, na kila wakiniambia nataka kukimbia. Ningesema Jumatano, mbele ya ile ndoo, leo kungekuwa na mtu wa nne mezani.

Leo asubuhi nilimkuta Jens jikoni. Ameliokota lile isale, ameliweka kwenye glasi ya maji dirishani. Oma anasema likikaa hivyo litaota mizizi. Jens akaniuliza, hakunitazama, "Kwenu, mtu akilikataa, inakuwaje? Mtu anapeleka tena, au basi?" Nikamwambia sijui. Sijawahi kuona likikataliwa. Nilimwona amesikitika, nikamwambia kuna watu wanaojua, nitauliza.

Kwa hiyo nakuuliza, na hili ndilo jambo la pekee ninaloomba katika barua hii. Ukimaliza kusoma peke yako, msomee Baba, hata pale nilipoitikia kwa kichwa. Atakasirika, mwache akasirike. Kisha mkamuulize Babu Mkubwa, yeye ndiye anayeamua mambo ya mipaka: mtu akiletewa isale asilipokee, aliyeleta afanye nini? Asubiri? Atume mtu mwingine? Aende mwenyewe mpaka kwao, hata ikiwa ni nchi nyingine? Msinipigie simu kwa hilo. Niandikieni, ili nimtafsirie neno kwa neno, maana nikisimulia kwa mdomo najua nitakata pale pagumu.

Msalimie Bibi. Msalimie shangazi wa Pasua, mwambie theluji bado, na dada mshonaji kule Majengo mwambie gauni lake ndilo navaa kanisani, juu yake makoti mawili kwa hiyo hakuna anayeliona. Elia mwambie kuna watu huku wanaliosha isale kwa kitambaa. Walimu wa shule ya Jumapili wote wasalimie. Ng'ombe wetu mpe majani makavu, kwa jina langu.

Mungu awashike mkono huko juu, nami anishike huku chini kwenye matope.

Mimi binti yako aliyesema, akiwa amechelewa,
Aikande